Pua Moja kwa Watu Wawili

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa huu, majirani zetu wa duka la viatu na wa kinyozi, wateja wetu wa tangu meza zikiwa nne na ninyi wa juzijuzi, wenzangu wa jikoni na wa ukumbini, wifi zangu, wanangu, na wewe mume wangu uliyekaa hapo mbele ukijifanya unakagua kitambaa cha meza: habari za mchana huu.

Nimeombwa niseme maneno ya kuaga, na nikaonywa yawe ya furaha. Nitajaribu, ila mtanivumilia, kwa sababu mtu akichoka sana huchoka mpaka sauti. Wengi wenu mmenishika mkono pale mlangoni mkaninong'oneza: "Mama, mbona mnaachia mgahawa na meza bado zinajaa? Kuna nini?" Hakuna kitu, ndugu zangu. Hatujagombana, hatujafilisika, hakuna aliyetufukuza. Nimechoka. Nimechoka magoti, nimechoka viganja, nimechoka kunukia kitunguu hata nikiwa nimevaa nguo za harusi. Je, hiyo si sababu tosha? Au mwanamke ni mpaka aanguke ndipo aambiwe, "Pumzika, mama"?

Mgahawa huu aliuota mume wangu. Alikuwa mhudumu katika hoteli kubwa, na huko ndiko alikojifunza mvinyo: upi uende na samaki, upi uende na nyama, upi uachwe kabatini mpaka atokee mgeni wa kuustahili. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Mvinyo nilioujua ni ule uliomwagika kwenye magauni ya watu, na niliujua kwa ubishi wake wa kutotoka. Lakini alipokuja nyumbani akasema, "Mke wangu, tufungue mahali petu, padogo, mtu ale na anywe vitu vinavyoelewana," nilifunga cherehani yangu nikamfuata.

Alijiita mshenga. Wateja wa zamani mnakumbuka. Alikuwa akisimama mezani, taulo begani, anasema, "Samaki huyu ana mchumba wake. Niruhusu nipeleke posa." Watu wanacheka, chupa inafunguliwa. Kisha anaingia jikoni na uso wa mtu mzito, anatuambia, "Msicheke. Ukiwaoza vibaya, watagombana mdomoni mwa mteja." Mheshimiwa Diwani, wewe ulitia barafu kwenye mvinyo mwekundu ulipokuja mara ya kwanza. Mume wangu alifumba macho kama aliyeona ajali. Niliyekuletea barafu ni mimi, na ukaja tena, na tena, kwa hiyo nadhani ndoa ile ilidumu.

Kisha akaugua. Ilikuwa homa ya kawaida, ya kulala na kunywa uji, na alipona. Tulishukuru Mungu tukarudi kazini. Asubuhi moja maziwa yakaungua jikoni, moshi umetanda, na yeye amekaa kando ya jiko anakata karoti kama hakuna jambo. Mpishi wetu, huyu mnayemwita Shangazi ingawa hana mpwa hata mmoja humu ndani, akapiga kelele: "Baba, husikii harufu?" Akajibu, "Nilikuwa na mawazo." Tukamwamini. Nani angedhani?

Haukupita muda, mwalimu mstaafu, anayependa meza ya dirishani, akarudisha glasi. "Bwana, huu umechacha." Mume wangu akainusa, akasema, "Uko sawa, mwalimu." Mwalimu akasema haupo sawa. Mume wangu akainusa tena, akashikilia kwamba uko sawa. Nikatoka jikoni, nikachukua ile glasi, nikanywa mbele za watu, mimi nisiyekunywa. Ilikuwa siki. Siki tupu, ya kutia kwenye saladi. Nikasema, "Umechacha, mwalimu. Tuwie radhi." Mwalimu, uko hapa leo, ulinyanyuka, ukaenda kumshika bega, ukakaa ukamalizia chakula chako na maji. Sijawahi kukushukuru kwa hilo. Nakushukuru leo.

Nilimkuta stoo, ameketi juu ya kreti. Akaniambia, "Pua yangu imekufa. Tangu ile homa. Chakula nakitia mdomoni kama ninayejaza gunia." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema nini? Mshenga asiyeona maharusi ni wa nini? Tufunge."

Mnataka kujua nilisikia nini moyoni? Sikusikia ushujaa. Nilisikia uchovu, kwa sababu nilijua nani atabeba. Nikamwambia, "Hatufungi. Wewe niambie nitafute nini, mimi nitakwambia nilichokuta."

Basi kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, tukawa tunakaa meza ya pembeni, yeye na chupa zake, mimi na ndoo ya kutemea. Wapo wanaodhani ni raha. Hebu amka, pika chai ya watoto, panga masufuria, kisha kaa ukasukutue mvinyo kabla hata mkate haujapita kooni, halafu uulizwe, "Unanukia matunda gani?" Chupa ya kwanza nilimwambia ukweli: "Unanuka viatu vilivyonyeshewa." Alinitazama. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu homa ile, akasema, "Kama ni viatu vilivyonyeshewa, basi upeleke kwenye uyoga." Tukaupeleka kwenye uyoga, na wateja wakaomba tena.

Msidhani ilikuwa asali siku zote. Kuna siku alinikaripia: "Unakunywa kama dawa! Hujali!" Nami nikamjibu, "Ni dawa kweli. Ndiyo inayowasomesha wanao." Tukanuniana. Tukawa tunasemeshana kupitia kwa wahudumu: "Muulize mama yako kizibuo kiko wapi." "Mwambie baba yako kiko mfukoni mwake." Wahudumu wakawa wanakimbia kati yetu kama mpira, wanabana vicheko, maskini.

Kilichotutoa hapo hakikuwa maneno yangu wala yake. Shangazi alituwekea mezani nyama ya kuoka, yenye mafuta, na glasi mbili, akasema, "Mkimaliza kununa mtaniita," akaenda zake. Mume wangu akanywa bila hamu. Akanywa tena, akageuka kwangu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya siku nyingi: "Mvinyo huu una ukakasi." Nikasema ndiyo, kama ndizi mbichi, unakaza ulimi. "Nausikia!" akasema. "Ukakasi nausikia. Na ugwadu, kama wa ndimu. Na uzito wake. Sasa nimekula nyama, umelainika!" Alikuwa anagonga meza kama mtoto. Harufu ilikuwa imekwenda, na mpaka leo haijarudi, lakini ulimi haukuwa umekufa wote, na sisi kwa huzuni tulikuwa tumeuzika wote.

Tangu hapo tukagawana. Ugwadu, ukakasi, uzito, ubaridi, hayo ni yake. Harufu ni yangu. Kila mvinyo mliokunywa humu, na kila sahani iliyowekwa kando yake, vilipita kwa watu wawili ambao hakuna aliyetosha peke yake. Na sijaupenda mvinyo. Nasema wazi mbele ya Mheshimiwa: mpaka leo nachagua chai.

Shangazi, funguo hizi ni zako. Umepika humu tangu meza zikiwa nne, umetulisha, umetupatanisha, na pua yako ni nzima kabisa. Usiwaige washenga wa zamani. Mteja akitaka barafu, mpe barafu. Kuku akikushinda kumpatia mvinyo, mpatie maji, hakuna aliyewahi kugombana na maji. Na tafuta mtu wa kugawana naye kazi hii mapema, kabla uchovu haujakutafutia.

Mume wangu, watu wanatusifu kwamba tulishinda. Sijui kama tulishinda. Tuliendelea tu. Kuna siku kuendelea ndiko kulikokuwa kila kitu tulichonacho, na uliendelea nami, ukilishwa maneno yangu ya viatu na ganda la chungwa, bila kusikia harufu hata moja. Asante.

Nawashukuru nyote kwa kula kwetu, kwa kuturudishia glasi zilipochacha, na kwa masikio yenu mchana huu. Sina zaidi. Nimehesabu viti vya ukumbi huu mara nyingi, nimevifuta, nimevipanga, na sijawahi kula nikiwa nimekaa hata kwenye kimoja. Shangazi, niletee sahani. Mimi nakaa.