Pikipiki Iliyowasha Taa Mchana

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Mkicheka sitakasirika, maana mke wangu pale ameshaanza.

Miaka ile ya ruksa, nilipopunguzwa kazini, Mmarekani mmoja aliyekuwa Karonga alikuwa anarudi kwao na anauza pikipiki. Nikauza ng'ombe wetu wote, nikainunua, nikaivusha mpakani Kasumulu na ushuru nikalipa. Nilitaka kubeba samaki wa Lyulilo, kule ziwani, wafike Kyela mjini wakiwa wabichi.

Ilikuwa ya Kijapani, lakini si kama zile tulizozizoea. Kiti kipana, usukani umeinuka juu, na kioo cha mwendo kinahesabu maili. Nikajiuliza, Mjapani na maili wapi na wapi? Halafu ukiiwasha tu, taa ya mbele nayo inawaka, na swichi ya kuizima haipo.

Sasa ninyi mnajua, kwetu chombo kikipita mchana kimewasha taa, kimebeba nini. Siku ya kwanza wanaume walivua kofia, nami nikadhani naheshimiwa! Kesho yake akina mama wakatoka barabarani wanalia, wanauliza ni nani. Na mimi nyuma nina tenga la mbasa. Nani ale samaki waliopanda chombo cha maiti? Nikaifunika taa kwa gunia, wakasema naficha msiba. Samaki wakaoza. Nyumbani ikawa ndizi asubuhi, ndizi jioni.

Lakini nawaambia, kilichonivunja ni mama. Kaka yangu alikuwa amelazwa, nikaenda Ndandalo kumwambia mama kwamba mwanawe anaendelea vizuri. Gunia lilikuwa limeanguka njiani. Mama akaiona taa kwa mbali, akaanguka uani kabla sijafungua mdomo. Alipozinduka, mimi ndiye niliyekuwa nalia. Nikaikokota pikipiki hadi nyumbani, nikaapa nitaiuza hata kwa bei ya kutupa.

Shemeji yangu wa Karonga, ambaye ni fundi, akaja kuitazama. Hakunicheka.

"Shemeji, hii Mjapani hakukutengenezea wewe," akasema. "Alimtengenezea Mmarekani. Kule barabara zimejaa magari, kwa hiyo taa inawaka mchana ili mwenye pikipiki aonekane, asigongwe."

Nilimwuliza maswali mpaka chai ikapoa. Kumbe Mjapani alipotaka kuuza kule, aliwatazama kwanza wale watu wanavyokaa, wanavyopenda, wanavyohesabu safari zao, ndipo akaunda. Na taa iliyokuwa inawaliza watu wetu, kule iliwekwa kuokoa mtu! Nilishangaa, na mpaka leo nashangaa.

"Basi tuifanye ya Kyela," shemeji akasema, akaifungia swichi ya kuizima taa.

Ndugu zangu, ninachowaachia ni hiki: jambo usilolielewa, uliza. Mimi nililifunika kwa gunia, na njaa ikaingia nyumbani. Namshukuru shemeji. Nawashukuru akina mama wa Lyulilo walionipa tena samaki. Ndaga fijo, asanteni sana.

Na mama yangu, ambaye mnamwona amekaa hapo mbele. Hata baada ya taa kuzimwa, watu walikuwa bado wanaogopa kuipanda pikipiki. Akaja mwenyewe, akajifunga khanga, akakaa nyuma yangu.

"Nipitishe polepole, mwanangu," akasema. "Kila nyumba uliyoiliza, waone leo mzigo wako unawasalimia."