Nilikuwa Napona Kila Asubuhi

Bwana asifiwe jioni hii! Nimesema jioni, ndugu zangu, na mkivumilia mtajua kwa nini nilimwomba mchungaji nisimame kwenye ibada ya jioni na si asubuhi kama wengine.

Mimi ni Kabula, mtoto wa mama Shija, yule anayekaa karibu na mashine ya kusaga hapa Kasokola. Nipo kidato cha tatu. Wengi hamjawahi kuisikia sauti yangu zaidi ya neno moja, maana nina aibu mpaka nikiitwa jina darasani natamani niingie chini ya dawati. Naomba nisome kwenye daftari. Nikiwaangalia usoni nitasahau hata hilo jina.

Kwanza naomba msamaha. Nilishawahi kusimama hapa mbele nikatoa ushuhuda wa uongo. Sikukusudia, lakini ulikuwa uongo.

Shida ilianza nikiwa kidato cha kwanza. Mguu wa kushoto ulianza kugeukia ndani, nakanyaga kwa vidole kama mtu anayenyatia kuku. Cha ajabu, asubuhi sikuwa na shida yoyote! Kwenye mchakamchaka nilikuwa mstari wa mbele, nakimbia na kuimba. Ikifika saa nane mguu unakuwa mzito. Saa kumi na moja umepinda kabisa, nauburuza. Wakati wa masika niliweza kuzitambua nyayo zangu mwenyewe kwenye tope la njia ya shule: za kwenda ni miguu miwili, za kurudi ni mguu mmoja na mfereji.

Fundi viatu mmoja aliwahi kukishika kiatu changu cha kushoto, kimeisha ncha mpaka kidole kinaona jua, na cha kulia bado kizima. Akaniuliza, "We binti, huu mguu unagombana na nani?" Nikacheka tu. Ile ilikuwa dalili, ndugu zangu, na fundi viatu aliiona kabla yetu sote!

Shuleni rafiki yangu Pendo alikuwa ananipigia kelele mbele ya watu, "Kabula chaji imeisha! Mchomekeni kwenye soketi!" Mwalimu wa zamu naye akasema, "Asubuhi swala, jioni kobe? Unakwepa kuchota maji wewe." Nikafyeka majani wiki nzima.

Ndipo ikaja ile Jumapili. Mayu, yaani mama yangu, alinileta hapa mbele kwenye ibada ya asubuhi. Mliniombea kwa machozi, sitasahau. Mchungaji akasema, "Tembea!" Nikatembea. Akasema, "Kimbia!" Nikakimbia mpaka mlangoni na kurudi! Vigelegele, kinanda, kuna mama alirusha kitenge chake juu. Nikapewa kipaza sauti, nikasema neno moja tu, "Nimepona." Na niliamini kweli! Nilisahau kwamba ndivyo ninavyotembea kila asubuhi.

Jioni yake nikaenda na ndoo kwenye bomba la mdundiko, lile la kusukuma kwa mkono. Nikaanguka, mimi na ndoo, mbele ya kina mama walewale wa vigelegele. Kisha mmoja akasema, "Binti, imani yako haifiki hata chakula cha mchana?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaenda kulia chooni.

Jumapili iliyofuata tukaomba tena. Nikapona tena. Jioni nikaanguka tena. Mara tatu! Nikaandika kwenye daftari langu, "Mungu gani anaponya asubuhi na kusahau jioni?" Mnisamehe, lakini niliandika.

Kilichoniumiza zaidi hakikuwa mguu. Ni siku mayu alipokuja kukaa kando ya kitanda changu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kabula, mwanangu, niambie ukweli. Unaigiza?" Nikageukia ukutani. Kama mayu haniamini, nani ataniamini?

Tangu siku hiyo nikaanza kuandika saa. Si ili nimwonyeshe mtu, ilikuwa hasira tu. Saa mbili, mzima. Saa nane, mzito. Saa kumi, umepinda. Nimelala kidogo, nimeamka mzima. Saa moja usiku, umepinda tena. Kurasa na kurasa!

Kisha tukasikia tangazo kwamba madaktari bingwa wamekuja Mpanda mjini. Mayu akanipandisha bodaboda alfajiri ili tuwahi namba. Tukawa wa kwanza, na hapo ndipo tulipokosea! Saa mbili asubuhi daktari akaniambia nitembee, nikatembea kama mlimbwende. Akamgeukia mayu, "Mama, tatizo liko wapi?" Mayu akaniangalia. Macho yake yalikuwa yaleyale ya pale kitandani.

Nilitaka kueleza, sauti ikagoma. Nikafungua mkoba, nikamsukumia daftari. Akasoma. Akafika ukurasa nilioandika mambo ya kijana mmoja wa sauti ya nne kwenye kwaya (simtaji, yupo humu ndani, asigeuke), akakohoa, akafunua haraka. Halafu akarudi mwanzo, akasoma taratibu, kidole kikifuata zile saa.

"Ukilala mchana unaamka mzima?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Leo huondoki hapa. Kaa kwenye benchi mpaka jioni. Na wewe mama, asisinzie hata kidogo!"

Ndugu zangu, siku ile mayu alinifinya kila nilipopiga mwayo! Alininunulia chapati, karanga na soda, akanisimulia habari za ng'ombe wote wa babu, mmoja mmoja, na tabia zao. Saa kumi na moja daktari akaja mwenyewe. "Haya, tembea." Nikasimama. Mguu ukapinda, kidole kikakwaruza sakafu mpaka mwisho wa korido. Daktari akapiga makofi kama mtu aliyefunga goli! Mayu akautazama mguu, akanitazama mimi, akanikumbatia palepale mbele za watu. "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe." Sikuwa nimemeza kidonge hata kimoja, lakini nusu yangu ilipona pale.

Daktari alisema mguu wenyewe hauna kosa. Kwenye ubongo kuna kemikali inayosaidia mwili kutembea vizuri, na kwangu inatengenezwa kidogo. Usingizi unairudisha, siku inaimaliza. Nikamkumbuka Pendo na soketi yake! Miaka miwili ananicheka, kumbe ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote. Nikapewa vidonge vidogo. Wiki haikuisha, nikaenda bombani jioni, ndoo kichwani, miguu imenyooka. Kina mama wakaacha kusukuma bomba. Nikarudi mara ya pili, na maji nyumbani yalikuwa yanatosha!

Nilimwogopa mchungaji, nikidhani atasema dawa ni kukosa imani. Alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Mwanangu, tuliomba vizuri, ila tulikuangalia saa mbaya."

Sisemi kila ugonjwa wa miguu ni kama wangu. Daktari alisema yapo mengi, na mengine hayana kidonge cha haraka hivi. Mimi mwenyewe nitameza dawa kila siku, pengine maisha yote. Lakini angalieni, ndugu zangu! Mtoto aliyekuwa anakimbia akianza kukanyaga kwa vidole, babu akiwa na hatua fupi fupi na mkono mmoja hauchezi akitembea, mama akiyumba na hajawahi kuonja pombe, msicheke wala msiseme amelogwa. Mwombeeni, halafu mpelekeni hospitali. Na kama ni ghafla, mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, msingoje hata tufike amina, kimbieni naye! Andikeni na saa.

Namshukuru Mungu ambaye hakusahau jioni yoyote. Nawashukuru mlioniombea, hata mlionicheka. Na kama kuna mwenye aibu humu, anayeumwa na haaminiki, asikate tamaa. Mwambie Mungu. Ukishindwa kwa sauti, mwandikie, nimehakikisha kwamba anasoma.

Sasa narudi kwenye benchi langu, lile la nyuma kabisa. Saa ya ukutani pale ni kumi na mbili na robo, na leo sijalala mchana. Angalieni miguu yangu.