Watoto Kumi na Mmoja wa Eufrazia

Mgeni rasmi, Mama Doreen, afisa wetu wa ustawi wa jamii. Mwenyekiti wa mtaa. Wazazi wenzetu, na ninyi watoto mliokubali kutulia kwenye mkeka:

Shikamoo, Mama, na karibu sana. Umekuja mwenyewe, hukutuma mtu, na viatu vyako vimeshapata tope la Mwembesongo. Tumefurahi mno.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanawake tisa tunaolea watoto majumbani mwetu wazazi wao wakiwa kazini. Tulianza bila kujua kwamba kazi hii ina utaratibu. Mzazi alipita asubuhi akasema, "Dada, nishikie huyu, nawahi njegere za Mgeta sokoni," nawe ukampokea, basi. Ulipotuita kwenye mafunzo ndipo tukaelewa: barua ya serikali ya mtaa, bwana afya akague choo na maji, uzio, daftari la mahudhurio, kisha mkaguzi afike nyumbani, na mwisho wewe usaini. Tulinung'unika kidogo, hatufichi. Leo tunashukuru.

TUNAYOSHUKURU

Wanane tumepata vyeti, na tumevitundika juu ya picha za harusi. Zaidi ya hapo, Mama, mafunzo yako yameokoa uhai. Abeid, mwenye miaka mitatu, alipaliwa na mbegu ya ubuyu hadi akabadilika rangi. Mwenzetu Eufrazia alimlaza kifudifudi pajani, akampiga mgongoni kama ulivyotuonyesha, na mbegu ikatoka. Abeid ndiye huyo anayemaliza biskuti za wageni.

KINACHOTUSUMBUA

Asiye na cheti ni huyohuyo Eufrazia. Yuko pale mwisho, kitenge cha bluu, anajifanya anamfuta mtoto kamasi. Nyumba yake ndiyo bora kuliko zetu zote, na uzio alianza kuujenga kabla hatujajua kwamba unatakiwa.

Mkaguzi, Bwana Laurenti, alifika kwake akaridhika na kila kitu. Akiwa anafunga kalamu akauliza, "Hawa kumi na mmoja ni wa nani?"

"Wangu," akajibu Eufrazia.

"Wote?"

"Wote, baba."

Wote walikuwa chini ya miaka mitano. Bwana Laurenti aliguna, lakini adabu ilimzuia kumuuliza yeye zaidi. Akamwinamia Abeid: "Mama yako yuko wapi?" Abeid akamwonyesha Eufrazia. Na wenzake kumi nao wakanyoosha vidole. Akaandika kwenye fomu, "Hii ni familia, si kituo." Hatumlaumu hata kidogo, aliandika alichoambiwa.

Mama, Eufrazia hakudanganya. Alivyolelewa kwao Mgeta, ukimwita mtoto aliye mapajani mwako "mtoto wa watu" umemfukuza. Neno hilo halimtoki mdomoni. Tangu siku ile hali chakula vizuri, maana asiye na cheti atafunga kituo mwisho wa mwezi huu, na kila akimvisha mtoto viatu vya kuondokea jioni anageukia ukutani. Inatuuma sana, kwa sababu sisi wote kazi hii tulijifunzia kwake.

OMBI LETU

Tulikuwa na maombi manne. Jana usiku tulikubaliana kufuta matatu.

Jalada la Eufrazia liko mezani mbele yako, karibu na maua. Ndani tumeweka kadi za kliniki za watoto wote kumi na mmoja, kila moja na jina la mama aliyemzaa, na mama hao wameomba ruhusa kazini, wamesimama pale mlangoni. Tunakuomba ulisome upya.

Yeye tumemfundisha kusema "watoto ninaowalea." Jana alilisema mara mbili, akalia mara moja. Watoto nao tumewafundisha kujibu, "Mama yangu yuko kazini." Asubuhi hii tulimjaribu Abeid, huku mama yake mzazi amesimama hapohapo. Akamkimbilia Eufrazia, akajificha kwenye kitenge, na mama yake akacheka hadi akafuta machozi.

Kwa hiyo, Mama, tunakusihi: kadi uzisome, wazazi uwaulize, ila watoto usiwaulize.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani, akupe afya na mkono mwepesi wa kusaini.

Ni sisi, Kikundi cha Mbeleko, Mwembesongo: wanane wenye vyeti, na mwalimu wetu.