Siku Amerika Ilipogawiwa Kijiweni

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, lililobanwa kati ya duka la kinyozi na kibanda cha Bi Birika, mjane anayeuza kahawa na asiyemeza maneno. Pale kuna sheria moja: kikombe cha mwisho hakiuzwi. Bi Birika humpa yule aliyemshawishi zaidi kwenye ubishi wa siku hiyo. Kinyozi, waliyembandika jina la Wembe, hajawahi kukionja, na leo alikitaka kufa na kupona, maana alikuwa amejiapiza kwamba akikipata tu, Bi Birika anakuwa mkewe. Mipango yote ilikuwa tayari. Dada yake Wembe alikwisha kuhamishiwa chumba cha uani. Spoku, fundi baiskeli, alikwisha kuchora kwa chaki mahali pa kutoboa ukuta ili duka na kibanda viwe kitu kimoja. Aliyekuwa hajaambiwa kitu ni Bi Birika peke yake.

Spoku ndiye aliyechokoza, huku akiziba pancha.

— Hivi jamani, Wahispania wangelala usingizi siku ile, Amerika ingekuwa ya nani?

— Ya Wareno, alidakia Nahodha. Huyu huuza ndoo za plastiki, na tangu azaliwe hajapanda chombo chochote kinachoelea.

— Wareno walishapata Brazili yao! Taja wengine, usitubanie.

— Basi Waturuki! Wale walikuwa na mizinga, walikuwa na merikebu, na walikuwa na hasira. Leo wachunga ng'ombe wote wa kule wangekuwa wamevaa tarbushi nyekundu!

— Acha hizo, Nahodha. Juani vile, tarbushi?

— Wangezoea! Mtu huzoea chochote.

Bi Birika aliguna, akamimina vikombe vitatu. Wembe alilisikia guno lile, akaona Nahodha anaanza kuota mizizi. Alitoka dukani mbio, wembe mkononi, akimwacha mteja kitini na povu kidevuni.

— Waturuki wapi, bwana! Bahari ile wangeifikia saa ngapi?

— Wachina je? Spoku aliinuka na pampu yake. Wale walifika mpaka pwani za Afrika, tena na majimerikebu makubwa kama mtaa! Wangekata kona kidogo tu, kwisha habari. Leo hata ng'ombe wa Texas wangekuwa wanakula majani kwa vijiti!

Nahodha alicheka mpaka kahawa ikampalia. Bi Birika naye alijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

— Mnasahau watu weusi! alifoka Wembe. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Mali alituma mitumbwi magharibi, mitumbwi hadi bahari ikakosa nafasi. Haikurudi. Nawauliza, kwa nini haikurudi?

— Ilizama, alisema Spoku.

— Aliyezama mwishowe huelea! Wewe umemwona hata mmoja ameelea? Hawakurudi kwa sababu kulikuwa kutamu! Sasa fikiria wangetumwa wengine, na wengine, na wengine! Wanashuka, wanachomeka bendera, wanatangaza: kuanzia leo hapa petu! Mto huu wetu, mlima ule wetu, dhahabu yetu, na kila kilichomo ndani! Nani angewazuia?

— Hakuna! walipiga kelele wote wawili, kwa kuwa hata wao sasa ilikuwa imewakolea.

— Kinyozi, povu linakauka! aliita mteja.

— Likauke! Tunatawala bara zima hapa!

Bi Birika alitikisa birika. Kilikuwa kimebaki kikombe kimoja. Akakiinua, akamtazama Wembe huku akitabasamu, na Wembe akanyoosha mkono.

Hapo ndipo alipojitokeza mkunga wa zahanati, aliyekuja kuchukua baiskeli yake. Alikuwa amesimama nyuma yao tangu habari za Wachina, na hakuna aliyemwona.

— Samahanini, kaka zangu, nina swali moja tu. Hao wote mliowataja, nani alipiga hodi?

— Hodi? Nahodha alishangaa. Baharini?

— Ufukweni. Si kulikuwa na watu wanaishi?

Spoku aliinamia tena pancha yake. Wembe aliiona ile chaki ukutani, na uso ukamwaka kwa aibu.

Kikombe cha mwisho alipewa mkunga. Alikinywa akiwa amesimama, akashukuru, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

— Leo mmepigwa, alisema Bi Birika, akaanza kukusanya vikombe.

Wembe aliufunga wembe wake, akautia mfukoni. Kwa kitambaa cha begani, alichotumia kufutia wateja, aliifuta ile chaki ukutani mpaka isionekane. Kisha akazunguka benchi, akasimama mbele ya meza ya kahawa. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake.

— Hodi, alisema.

Bi Birika aliendelea kusuuza vikombe. Nahodha akataka kucheka, Spoku akamkanyaga.

— Hodi, Bi Birika.

Mteja mwenye povu alikuwa ametoka kuchungulia mlangoni. Wembe hakusogea. Alisimama tu, mikono nyuma, mpaka kikombe cha mwisho kikasuuzwa na kufutwa.

— Ile ya kwanza niliisikia, alisema Bi Birika. Nilitaka nione kama unajua kungoja. Karibu.