Kamba ya Bi Mwahija

Bi Mwahija binti Kibwana amewazalisha wanawake wa Pande kwa miaka ishirini na sita. Leo, Idi pili ya mwaka 1912, analikunja jamvi lake la kazi kwa kuwa magoti yamekataa. Mikono bado ni ileile. Wakunga wenzake wameniagiza mimi, niliyetoka chuoni juzi, niandike habari zake zisomwe mbele ya wageni.

Alifundishwa na bibi yake, na mwanzoni aliogopa damu hata ya kuku. Mpaka leo kuku wa arobaini huchinjiwa mbali naye.

Uzazi tunaousimulia zaidi ni ule wa mwaka wa Maji Maji. Binti Likwata alikuwa na mimba ya tatu. Bi Mwahija alipompapasa tumbo alikuta kichwa kimekaa chini ya mbavu. Mtoto angetanguliza matako. Mama mkwe akaanza kulia kwamba nyumba yake itapata kigego, mtoto wa mkosi.

"Mkosi gani, dada?" Bi Mwahija akamjibu. "Huyu ana adabu. Anaingia kwa watu kwa kukaa kitako."

Akapanga mapema. Mzazi asilale, apige magoti akishikilia kamba iliyofungwa juu. Na mtu yeyote asimvute mtoto kabla kisogo hakijaonekana, maana akivutwa, mikono yake hupanda juu na kichwa hukwama.

Kisha askari wakachoma nyumba, watu wakakimbilia porini. Wengine walibeba unga na kuku. Bi Mwahija alibeba kamba ya usumba wa nazi. Walimcheka njia nzima: "Mwahija, unakwenda kumfunga nani?"

Uchungu ulianza asubuhi. Kamba ikafungwa kwenye tawi la mkwaju. Yakatoka matako, kisha miguu, kisha mtoto akatulia, akaning'inia kimya.

"Mvute!" mama mkwe akapiga kelele, mikono ameinyoosha. "Mvute, Mwahija, anakufa!"

Bi Mwahija akampa ncha ya kamba. "Shika hapa kwa mikono miwili, dada. Ukiachia, mkweo anaanguka."

Akashika kwa nguvu zake zote, macho ameyafumba. Bi Mwahija akaificha mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo wake, isimguse mtoto, akangoja. Uchungu ukarudi, mikono ya mtoto ikashuka, kisogo kikaonekana. Ndipo akamwinua taratibu, na mtoto, ndiye Salama, akalia.

Kamba ile ilikuwa imefungwa imara. Haikuhitaji mshikaji. Mama mkwe aliambiwa baada ya arobaini, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo, kila mwenye haraka hapa Pande hupewa kamba ashike.

Leo Salama amekaa kitako mbele kabisa, na maandazi ya wageni yanapungua.

Somo yetu, mfunzi wetu, ahsante. Mungu akujalie afya, raha na usingizi usiokatizwa na hodi. Lakini Binti Likwata ana mimba tena, na huyu naye kichwa kiko juu. Siku ikifika, njoo ukae karibu nasi. Mikono yetu tutaituliza kama ulivyotufunza. Kamba utashika wewe.