Sauti Kubwa katika Chumba cha Kimya: Ephantus Gachanja Anapumzika

Ijumaa tarehe 31 Julai 1959, Bwana Ephantus Gachanja, dresa, yaani mhudumu wa wagonjwa, katika Chumba cha Kimya, atavua koti lake jeupe baada ya miaka ishirini na minane ya kazi katika hospitali yetu. Koti lenyewe halijafungwa kifungo tangu vita vya Hitler, kwa hiyo kulivua hakutamchukua muda. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Zacharia Kagwe wa chumba cha dawa, niandike wasifu wake kwa heshima. Heshima ninayo. Lakini nimefanya kazi na Ephantus muda mrefu mno, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Alizaliwa Ruiru, na kabla hajaja kwetu alikuwa mwita-watu katika shamba moja la kahawa huko. Kazi ilikuwa kusimama juu ya debe alfajiri na kuita majina ya wachumaji. Shamba lilikuwa na kengele, lakini baada ya kumwajiri Ephantus kengele iliuzwa. Wazee wa Mugutha, kijiji cha jirani, wanasema waliamka kwa sauti yake kila siku ingawa hawakuwa na kibarua pale, na mmoja wao alikwenda kumshtaki kwa chifu. Chifu alijibu kwamba hata yeye huamshwa naye.

Hospitalini tulimpa jina la Gari la Moshi. Akikusalimia kutoka jikoni, wewe uliye maabara unaitika. Katika wodi kubwa ya wanaume hapakuwa na siri. Ephantus akimwinamia mgonjwa na kumweleza faraghani kwamba ana minyoo, wodi nzima ilimpa pole, pamoja na foleni ya nje. Wagonjwa walimpenda, maana aliwafanya wacheke hata wenye mishono. Metroni hakumpenda kiasi hicho.

Sasa nieleze Chumba cha Kimya, kwa faida ya wageni watakaosoma karatasi hii wakingoja soda. Pepopunda huingia kwa kidonda kidogo, mwiba wa katani au jembe lenye kutu. Taya hufunga, mwili hukakamaa, na kelele yoyote, hata kijiko kikianguka, humkunja mgonjwa kama upinde mpaka pumzi ikatike. Daktari Tranter alipofika kwetu alitaka kujua kama kimya chenyewe ni dawa. Basi mgonjwa mmoja alilazwa katika wodi kubwa, anayefuata katika chumba cha peke yake chenye giza, wote wakipewa sindano zile zile na maziwa yale yale, ili aone nani atapona. Huo ndio uitwao utafiti. Sisi tuliuita kamari ya Daktari, lakini si mbele yake.

Chumba kilitayarishwa kama cha bibi harusi. Madirisha yalizibwa kwa blanketi, miguu ya vitanda ikavalishwa vipande vya tairi, bawaba zikapakwa mafuta ya mbarika. Jogoo wa Metroni, aliyezoea kuwika chini ya dirisha lile, alihukumiwa bila wakili na akaliwa Jumapili. Paja lake moja halijulikani lilikwenda wapi, ila Ephantus alionekana akifuta mdomo.

Na nani akapelekwa kufanya kazi katika chumba hicho? Gari la Moshi. Msomaji asidhani kulikuwa na hekima. Metroni alitaka kumwondoa katika wodi kubwa, na Daktari alihitaji mtu mwenye nguvu za kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumtikisa. Hakuna aliyewaza habari ya sauti. Ilikuwa ni kumkabidhi fisi bucha.

Siku ya kwanza Ephantus alipiga chafya. Kitandani alikuwa Musau, mkata katani kutoka upande wa mashariki, kijana mwenye mwili kama gogo. Chafya ile ilimkunja mpaka akabaki amesimamia kisigino na kisogo, uso ukawa mweusi wa zambarau, na Daktari akahangaika naye kwa muda ambao sote tuliona hauishi. Musau alipopata pumzi, Ephantus alitoka nje, akaketi kwenye ngazi, akalia. Nilimwona. Hakukuwa na mzaha siku hiyo, wala sina mzaha nayo leo.

Tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Viatu vyake vya misumari aliviacha mlangoni akafanya kazi miguu mitupu. Chafya ikimjia, alikimbilia kwa dobi, akaifanya huko, akarudi. Alijifunza kuvuta makohozi kooni mwa mgonjwa kwa pampu ya mguu bila pampu kulia, kupitisha maziwa na mayai kwenye mpira wa pua, na kumgeuza mtu mzima kama mama anavyomgeuza mtoto aliyelala. Sauti yake ilipungua mpaka ikawa mnong'ono, na mnong'ono ukamfuata nyumbani. Mkewe, Mama Magdalene, alitujia ofisini kwa hasira.

“Bwana yangu mlimfanya nini? Siku hizi anaongea kama mwizi. Jirani wanafikiri tumekosana.”

Musau alipona. Taya lilipofunguka, alitwambia jambo ambalo hatukulitegemea. “Mimi nilikuwa nasikia kila kitu,” alisema. “Hata ile maneno mlisema juu ya harufu ya miguu yangu.” Tuliona haya. Tulikuwa tukidhani aliyekakamaa vile amelala akili pia, kumbe yumo ndani, macho yamefungwa, anasikia yote na hawezi kujibu. Ephantus alilishika neno hilo, na ndilo lililokuja kumwokoa mtu.

Mwaka wa 1955 aliletwa Ngina, mwanamke kijana kutoka Mugutha, aliyekanyaga jembe akiwa na mimba ya kwanza iliyokaribia siku zake. Mumewe, Ndung'u, alikuwa mbali, kule kizuizini walikokuwa wanaume wengi miaka ile ya Hali ya Hatari. Aliyemleta ni mama mkwe wake, Cucu Nyawira, yaani Bibi Nyawira, mwanamke mfupi asiyejua kuomba ruhusa. Zamu ilimwangukia Ngina kuingia Chumba cha Kimya. Daktari alitueleza waziwazi kwamba mama na mtoto kupona wote wawili ni jambo la kumwachia Mungu.

Uchungu ulimshika mchana. Mkunga alifanya kazi kwa ishara za mikono, Ephantus akimshikilia Ngina asianguke, na mtoto akatoka, akafunikwa, akakimbizwa wodi ya wazazi kabla hajalia vizuri. Mtoto mzima, wa kike.

Hapo nje, kwenye nyasi, Cucu Nyawira alikuwa ameketi na wanawake wa kijiji chake, pasi zao za ruhusa ya kutembea mkononi, wakingoja. Kila mtu anajua desturi yetu: mtoto wa kiume hupigiwa vigelegele vitano, wa kike vitatu. Na msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Maana yake ni kwamba Cucu Nyawira alikuwa amezaliwa upya mchana ule. Ephantus alipotoka kumpa habari, alisimama, akajaza kifua, akafungua mdomo.

Ephantus aliuziba kwa kiganja.

Jamani, mdomo wa mwanamke mzee! Wanawake waliguna kwa mshangao. Cucu alikitoa kile kiganja kwa kukiuma.

“Ngai! Mimi nimezaliwa leo, na wewe unafunga mimi mdomo?”

“Cucu,” Ephantus alimnong'oneza, “ukipiga ngemi hapa, mtoto atabaki na jina yako na hatakuwa na mama.”

“Sasa nipige wapi? Nimeze?”

Naye Ephantus akasema twende mtoni.

Basi waliondoka, wanawake kundi zima, mbele yao dresa mnene asiye na viatu, wakielekea maporomoko ya Chania ambako maji hupiga kelele kuliko mtu yeyote, hata wa Ruiru. Siku zile watu wakitembea kundi waliulizwa wanapanga nini. Njiani askari aitwaye Kilonzo aliwasimamisha. Ephantus, kwa mazoea, alimjibu kwa mnong'ono. Hakuna kitu kilichotisha serikali mwaka ule kama Mkikuyu anayenong'ona.

“Sema kwa sauti!” askari alifoka.

“Siwezi, afande,” Ephantus alinong'ona, akionyesha kwa kidole kule hospitalini. Pingu zilikuwa zimeshatolewa Cucu Nyawira alipojitokeza akamweleza askari habari yote, pamoja na mambo ya mkunga ambayo askari hakuyauliza. Kilonzo alirudisha pingu. Aliuliza ni mvulana au msichana, kisha akawasindikiza mpaka mtoni, wasije wakakamatwa na askari mwingine asiye na adabu.

Vikapigwa vitatu pale kando ya maji. Ng'ambo ya mto wazungu waliokuwa wakinywa chai walisimama na vikombe mkononi, lakini hospitalini hakikufika hata kimoja. Cucu Nyawira alirudi akiwa ameshiba.

Ephantus aliporudi chumbani alimkuta Ngina machozi yanamtiririka kuelekea masikioni, pumzi yake imekuwa fupi, mapigo ya moyo yanakimbia. Mkunga aliashiria kwamba ni maumivu. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya dawa, nikamwona Ephantus akitikisa kichwa. Alikuwa amekumbuka maneno ya Musau. Mwanamke huyu alikuwa anasikia kila kitu. Alikuwa amezaa, na baada ya kuzaa alisikiliza, na hakusikia kigelegele. Kwetu, kuzaa kukifuatwa na kimya, watu wanatafuta sepeto. Alikuwa amelala pale akimlilia mtoto wake aliyekufa, na taya halimruhusu hata kuuliza.

Amri ya Daktari ilikuwa kwamba hakuna neno litakalosemwa chumbani. Neno lingeweza kumuua. Lakini kimya nacho kilikuwa kimeanza kumuua, na sisi watatu tulikuwa tunakiona kikimuua.

Ephantus alipiga magoti, akaweka mdomo karibu na sikio lake, akapiga kigelegele.

Mwanamume mzima, mwenye ndevu, mzee wa kanisa! Tangu niumbwe sijaona mwanamume akipiga kigelegele, na natumaini sitaona tena. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya mbu. Ariririri. Akanyamaza. Mwili wa Ngina ulishtuka, mkunga akanishika mkono akaniachia alama za kucha. Ephantus akapiga cha pili. Ariririri. Kisha cha tatu. Hapo akanyamaza kabisa, akangoja.

Mwili ukalegea. Pumzi ikarefuka. Machozi hayakukoma, lakini macho yalimgeukia Ephantus, na mtu hangeweza kukosea maana yake. “Nyawira,” alimnong'oneza, jina tu, basi.

Daktari Tranter alipoelezwa alifungua daftari lake. Utafiti wake ulisema kila sauti ni sumu, na sasa palikuwa na sauti moja iliyoshusha mapigo ya moyo. Hakuwa na mahali pa kuiweka. Ripoti iliyokwenda ng'ambo inasema, kwa Kiingereza kizuri, kwamba mhudumu alitoa sauti ya kienyeji na mgonjwa akatulia. Ephantus amekuwa akijivunia sentensi hiyo kuliko nishani. Kuhusu swali lenyewe, Daktari alipata jibu lake: waliolazwa kimyani waliondoka kwa miguu yao wengi zaidi. Kamari ikafungwa, na tangu hapo kila mgonjwa wa pepopunda huingia moja kwa moja kwa Ephantus.

Sisi wanaume wa hospitali tulimtania bila huruma. Kila mke wa mfanyakazi alipojifungua tulituma mtu amwite Bwana Gachanja aje kufanya kazi yake. Alitabasamu tu, akaenda kwa dobi kupiga chafya.

Na Ngina? Taya lilipofunguka, kabla ya kuomba uji, alituambia hivi: “Nilihesabu. Moja, mbili, tatu. Nikangojea ya nne, haikuja. Nikajua ni msichana, na yuko.”

Ephantus, umewafundisha dresa wote vijana tulio nao, na hawapigi kelele, isipokuwa wakati wa mshahara. Umewageuza, umewalisha na kuwavutia pumzi watu waliotufikia wakiwa wameshaombolezwa kwao. Tunakushukuru, na Mama Magdalene tunamrudishia mume wake, ingawa amechakaa kidogo. Tunakuombea shamba lenye mvua, koti jipya lenye vifungo, na jogoo wako mwenyewe wa kula wazi bila kujificha.

Neno la mwisho ni la utaratibu. Ngina anakuja Ijumaa kutoka Mugutha pamoja na Nyawira mdogo, ambaye sauti yake Mungu peke yake ndiye anayejua aliitoa wapi. Ngina aliomba apige vigelegele utakapotoka getini. Metroni amekataa, na amefanya vizuri, kwa maana chumbani kuna mgonjwa. Kwa hiyo wageni wote wanaombwa kumtoa Bwana Gachanja getini kimya, viatu mkononi, na kumsindikiza hivyo hivyo mpaka kwenye maporomoko ya Chania.

Huko Ngina atapiga vitano, kama vya mtoto wa kiume aliyezaliwa leo. Na wewe, Ephantus, ukisikia cha tano, jaza kifua uitikie kwa sauti yako yote, mpaka Mugutha waamke.