Maneno Niliyomtilia Baba wa Kwenye Filamu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sisi tuliochelewa!

Mnanijua. Nina kibanda cha video hapa Arua. Filamu inacheza, mimi nashika maikrofoni natafsiri kwa Kiswahili. Nilijisifu sana kwa mdomo huu, na nyumbani mdomo huo huo ulikuwa wa matusi. Mama wa mtoto wangu Ezra alipoondoka nilioa mwingine, Ezra akawa wa kulala jikoni. Chakula nilimpa nikikumbuka. Akaacha shule, akaanza udokozi, nikamchapa, akatorokea Koboko. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu!

Polisi wa huko wakanipigia simu. Ezra ameiba redio ya mama muuza chapati. Mama huyo amesamehe, lakini mzazi aje kutia sahihi, mwisho Ijumaa, la sivyo mtoto anapelekwa jela ya watoto. Nikajibu, "Mimi sina mtoto huko." Nikakata simu. Ndugu zangu, siku hiyo nilikula vizuri tu.

Alhamisi mteja akaleta filamu ya zamani ya Kifaransa, haina hata rangi. Kifaransa sijui hata neno moja. Basi nikabuni, ndivyo tunavyofanya sisi wa kazi hii. Kulikuwa na mtoto mtundu asiyetakiwa kwao. Baba yake alipotokea nikanguruma, "Mpelekeni! Mimi sina mtoto!" Watu wakacheka. Mfanyabiashara mmoja wa Kongo, anayejua Kifaransa, akasimama.

"Wewe, wacha uongo! Huyo baba hakusema kitu, iko nanyamaza tu. Hayo maneno iko ya nani?"

Lo! Yalikuwa yangu. Nikaweka maikrofoni chini, nikatoka nje, nikalia, "Yesu, nihurumie!"

Ijumaa asubuhi nilikuwa Koboko, nikatia sahihi. Ezra hakunikumbatia. Aliniuliza, "Baba, utanifukuza tena lini?" Nikasema sitamfukuza. Hakuniamini, na simlaumu.

Namshukuru Mungu aliyeniaibisha kabla jua la Ijumaa halijazama. Wewe mwenye mtoto huko nje, mtumaini Yesu, umfuate mtoto wako leo, usingoje kuaibishwa. Ezra ni yule pale, karibu na mlango. Mpaka sasa analala amevaa viatu, tayari kukimbia. Mwombeeni. Mimi nangoja avivue.